Mwano Nilioupiga Ndani ya Kibanda cha Video

Zagayu, Bariadi

Kwako mke wangu Mama Kabula,

Mwangaluka, mayu. Nimeanza kwa Kisukuma makusudi, ujue barua imetoka Usukumani penyewe, siyo huko Usangu mlikokwisha kuchanganya lugha mpaka ng'ombe hawaelewi mnawaita au mnawafukuza. Goti lako linaamkaje? Kabula amejifungua au bado anabeba? Akizaa wa kiume mpeni jina langu msinisubiri. Yule ndama mwenye doa asiachwe kunyonya peke yake, ana tamaa. Mimi ni mzima kabisa. Kikohozi ulichosema kitaniua njiani hakikufika huku, nadhani kilishukia Tabora.

Usidhani nimeandikiwa na mtu. Mkono ni wangu mwenyewe, wa kisomo cha watu wazima, na mwalimu wetu alisema sijapata kuona mzee mwenye herufi nene kama zako. Katekista, wewe unayemsomea mke wangu, soma kwa sauti na usiruke mahali. Ukifika penye picha ya Wazungu usije ukajifanya kukohoa. Ndiyo, ilikuwa Jumapili, lakini nilikuwa nimetoka kusali.

Mama Kabula, habari kubwa ni kwamba nimeshitakiwa kwa sungusungu na nimeshinda. Usishike kichwa. Nimesema nimeshinda. Sasa tulia nikueleze ilivyokwenda, maana najua maneno yatafika huko na wapita njia wa minadani na kila mmoja atayatia chumvi yake.

Unajua nilivyoondoka. Watu wote huko walisema mzee huyu amechoka akili, anaacha boma lake anakwenda kulima pamba kwenye shamba la marehemu baba yake lililokuwa pori. Na wewe ulisema, nakumbuka ulikuwa unakamua, ukasema bila kunitazama, "Nenda. Nikisikia umepanda nitakuja. Nikisikia hukupanda, utarudi mwenyewe na fimbo yako." Mimi nikaja. Nikafyeka. Nikapata ng'ombe wawili wa plau, mmoja nikamwita Bwana Shamba kwa sababu ni mnene na anatembea kama anakagua, na wa pili nikamwita Ushirika, huyo ni mzito kuondoka. Na nimefanya vizuri kuja, maana siku hizi ni soko huria. Zamani mnunuzi wa pamba alikuwa mmoja, akikukatalia unarudi na marobota yako kichwani. Sasa wanakufuata na magari mpaka mlangoni, wanakuamkia shikamoo mzee, wanakupa na soda. Mimi niliinywa hiyo soda kabla hata ya mvua.

Hiyo ruksa ya biashara ndiyo ilileta na video. Kuna kijana wa hapa anaitwa Masunga, alikuwa Mwanza anauza mitumba. Amerudi na jenereta, televisheni na deki, akajenga kibanda pale senta, madirisha kayaziba kwa magunia ya pamba ili mchana uwe giza. Mimi nilipita na kofia yangu ya kanisani, akaniambia, "Guku, ingia, wazee ni bure." Nikaingia. Kitu cha bure sijawahi kukikataa, unanijua.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo walipotaka kunitia hatiani. Mimi kabla ya hapo nilikuwa nimeona sinema ya aina moja tu, ile ya gari la serikali, wakati ule tunahamishiwa vijijini. Wewe pia ulikuwepo. Walituonyesha nini? Mbu anauma mtu, mtu anaugua kweli. Mtu anachimba choo, choo kinasimama. Mbegu ya pamba inatiwa dawa, inaota. Yote yalikuwa kweli. Na choo tulichimba. Hakuna mtu hata mmoja aliyekuja kunitangazia kwamba siku hizi wanaonyesha na uongo.

Basi nikakaa. Picha yenyewe ilitoka Ulaya, lakini siyo ya Kiingereza. Masunga hakujua ni lugha ya watu gani, alisema aliipata Mwanza katikati ya fungu la mikanda ya karate. Hakuna mtu aliyepiga karate mle. Kulikuwa na nyumba ya mawe, kubwa kupita kiwanda cha kuchambulia pamba, ukungu umeizunguka, na ndani kuna binti mmoja wa Kizungu, gauni jeupe, mshumaa mkononi. Anatembea. Anafungua mlango, hakuna kitu. Anapanda ngazi, anasimama, anasikiliza. Pazia linacheza na dirisha limefungwa. Maji yanadondoka mahali, to, to, to, huoni yanadondokea wapi.

Nikangoja hadithi ianze. Haikuanza. Hatukuambiwa baba yake ni nani, wala nyumba ni ya nani, wala kwa nini mtu awe na nyumba kubwa hivyo akakosa hata shangazi mmoja wa kukaa naye. Ni giza tu. Lakini giza la mle, Mama Kabula, lilikuwa limepikwa likaiva. Rangi nyekundu inaingia kidogo, inatoka, inaingia ya kijani kama maji ya bwawa. Kinanda kinapigwa sehemu moja hiyohiyo, mtu anaacha, unafikiri amekwenda zake, anairudia. Mimi nimelala porini simba ananusa ua wa miiba, na wewe ni shahidi kwamba nilikoroma. Mle ndani nilijikuta nimeshika goti la mtu wa jirani yangu na mtu mwenyewe simfahamu.

Halafu ukatokea mkono. Mkono peke yake, umevaa glovu nyeusi, umeshika wembe wa kinyozi, ule wa kukunja. Mwenye mkono haonekani uso. Binti amekaa mbele ya kioo anachana nywele, hana habari. Na vijana wote mle ndani wakaanza kupiga kelele, "Adui huyo! Adui! Adui yuko nyuma!"

Sasa nikuulize wewe. Mtu mzima wa Kisukuma akisikia kijiji kizima kinasema adui huyo, afanye nini? Aombe karanga? Vijana wale walikaa, wanasema adui na huku wanatafuna. Mimi nikasimama nikapiga mwano.

Na siyo mwano wa kubahatisha. Niliupiga ule wenyewe, wa kutoka tumboni, kama babu zangu walivyoupiga Wamasai walipokuja kuchukua mifugo. Masunga anasema televisheni ilitikisika. Unajua sheria ya mwano, na huku wameikaza kuliko huko: ukisikia unaacha hata tonge, unachukua upinde na fimbo unakimbia unakotoka sauti. Asiyekimbia ana kosa. Na anayeupiga bure ana kosa kubwa zaidi, analipa dume, linachinjwa hapohapo na kuliwa na wote waliosumbuka.

Wakaja. Walitoka mashambani, walitoka kisimani, walitoka kilabuni wengine hawawezi kunyoosha mshale. Kibanda kikazungukwa chote. Mbele yao yuko Jilala, mtemi wa sungusungu wa hapa, mtu mrefu, mkavu, ana filimbi shingoni na hacheki hata akipewa mkwe. Akaniuliza, "Mwizi yuko wapi?"

"Siyo mwizi," nikamwambia. "Ni muuaji. Yuko ndani, ana wembe."

Akaingia na mkuki. Akatoka na mkuki. "Ndani kuna televisheni."

"Ndimo alimo."

Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Jilala peke yake hakucheka. Akaniambia mbele ya wote, "Mzee wa Usangu, umewaachisha watu ng'ombe kisimani kwa ajili ya picha? Huko ulikotoka labda mwano ni wimbo. Huku una wenyewe. Utalipa dume." Na kabla sijajibu wakaenda nyumbani kwangu wakamfungua Bwana Shamba.

Mama Kabula, hapo roho iliniuma, sikufichi. Mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kudondoka. Ushirika peke yake havuti plau, hata akivuta anakwenda upande. Bila Bwana Shamba hakuna kulima, bila kulima hakuna kupanda, na mimi nitapanda gari kurudi Usangu na fimbo yangu, wewe unakamua, hunitazami. Nilikuona kabisa, na ndoo yako.

Majirani wakaja kwa huruma. Wakasema, "Mzee, piga magoti tu, omba msamaha, Jilala atapunguza iwe mbuzi." Nikawajibu, nikiomba msamaha nitakuwa nimekubali kwamba nimekosa, na mimi sijakosa. Wakasema, "Lakini ilikuwa picha." Nikasema nendeni mkalale. Nikadai baraza zima likae. Hiyo ni haki ya mtu yeyote, hata wa Usangu.

Baraza likakaa pale senta, wazee kwenye mabenchi, watu wamejaa kama siku ya mnada. Bwana Shamba amefungwa pembeni, ananitazama. Wengine walikuwa wamekwisha kuleta kuni, Mama Kabula, na chumvi kwenye karatasi! Jilala akaeleza mashitaka yake, mafupi, alizoea. Nikasimama mimi.

Nikasema, "Wazee wangu, nani kati yenu alisikia vijana wakisema adui?"

Wengi wakasema walisikia mpaka nje.

"Masunga, walisema au hawakusema?"

Masunga akasema, "Walisema, guku. Lakini adui ni jina la kwenye picha. Kila picha ina steringi na ina adui. Steringi ndiye mtu mzuri, adui ndiye mbaya. Ni lugha ya video."

"Hiyo lugha nilifundishwa na nani?" nikamuuliza. "Sheria ya sungusungu inasema ukimwona adui piga mwano. Haisemi ukimwona adui isipokuwa wa Ulaya."

Watu wakaguna. Jilala akasema, "Mtu mwenye akili anajua kile ni kioo na umeme."

Hapo nikamkamata. Nikasema, "Mtemi, wewe umeiona hiyo picha?"

"Siangalii upuuzi mimi."

"Basi unahukumu kitu hujakiona. Mtu akishitakiwa kuua ng'ombe, hamwendi kuangalia mzoga? Twendeni tukaangalie mzoga. Wazee wote waingie, na wewe ukae mbele. Mkitoka mle mkiwa mmekaa kimya mwanzo mpaka mwisho, mchinjeni Bwana Shamba, na kisu nitanoa mimi."

Kulikuwa na mzee mmoja mkubwa kuliko wote, anaitwa Ndaki, macho yake hayaoni mbali. Akasema, "Huyu amesema neno. Na mimi sijawahi kuona video." Ikapita.

Jua lilikuwa utosini. Wakaingia, magunia yakashushwa, jenereta likawashwa. Jilala akakaa benchi la mbele, amenyooka, mikono magotini, kama anapigwa picha ya kitambulisho. Mimi nikasimama mlangoni. Watu wengine walirudi kwenye shughuli zao kungoja nyama.

Ikaanza ileile. Ukungu, nyumba, binti, mshumaa. Mzee Ndaki akauliza, "Huyu ni nani?"

"Sijui, mzee," Masunga akasema.

"Anakwenda wapi?"

"Picha haisemi."

"Nyumba yote hii, wamekosa mafuta ya taa?"

"Ndivyo ilivyo, mzee. Ni ya giza."

"Hana ndugu? Mbona anatembea peke yake? Mama yake yuko hai?"

Jilala akasema, "Wazee, tunyamaze, tunahukumu." Ikapita muda. Pazia. Maji, to, to, to. Kile kinanda. Nikawa nawaangalia wao, siangalii picha, hiyo mimi nimekwisha kuijua. Nikaona mzee mmoja anavuta miguu juu ya benchi kama kuna nyoka chini. Mwingine ameshika rozari na huyo nilikuwa sijamwona kanisani hata mara moja. Ndaki ambaye haoni mbali alikuwa ananong'ona, "Yuko wapi? Amefika wapi? Nielezeni," na wenzake wanazidi kusogeleana tu.

Jilala akaongea bila kugeuka, sauti ndogo, "Steringi wa picha hii ni nani?"

"Hii haina steringi, mtemi," Masunga akamwambia.

"Na adui?"

"Adui yupo. Ila hatajulikana uso mpaka inakwisha."

"Adui yupo na steringi hakuna." Akalirudia neno hilo taratibu. "Sungusungu wa kwao wako wapi?"

Na mimi kwa mara ya kwanza nilimpenda yule mtu, maana ndiyo maswali yangu mwenyewe yalikuwa hayo, ila yeye aliyauliza kama kiongozi. Alikuwa anatafuta watu wa kumlinda yule binti, na picha nzima hawamo.

Ukatokea mkono. Glovu nyeusi. Wembe unafunguka. Binti anachana nywele.

"Bebe!" Jilala akasema, amenyanyuka kidogo. "Bebe, wewe, geuka!"

Binti hageuki.

"Geuka nyuma, mayu! Yuko nyuma yako! Yaya, yaya, hapana!"

Akasimama wima, kichwa kikagonga mwamba wa bati, na akapiga mwano. Ulikuwa mwano mzuri, sitamnyima, ingawa wangu ulikuwa mrefu zaidi. Halafu akaiweka filimbi mdomoni na kuipuliza mpaka mashavu yakavimba. Wazee wakatoka kwa mlango mmoja wote pamoja. Ndaki alinipita mbio na haoni.

Na kijiji kikaja. Kwa nini kisije? Ilikuwa filimbi ya mtemi! Mipinde, mikuki, mishale tayari. Kibanda kikazungukwa tena. "Mwizi yuko wapi? Nani kapiga?"

Mimi niko mlangoni, mikono nyuma. Sikusema neno. Unaona nilivyobadilika, sikusema hata neno moja. Nikasogea tu pembeni wamwone Jilala anatoka, filimbi bado iko mdomoni.

Pale senta ukasikia Bwana Shamba anatafuna. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameleta chumvi akasema, "Haya, na dume la mtemi linafungwa wapi?" Hapo kicheko kilichotoka, Mama Kabula, ng'ombe walikimbia malishoni.

Jilala akaniangalia. Nikamwangalia. Ningeweza kumdai dume lake pale pale na wangenipa, watu walikuwa wananiita jina langu wakipiga makofi, Maduhu, Maduhu, siyo tena mzee wa Usangu. Lakini mimi ni mtu mkubwa. Nikamwambia kwa sauti ya kusikika, "Mtemi, alikuwepo adui au hakuwepo?"

Akatoa filimbi mdomoni. Akapangusa. Akasema, "Alikuwepo."

"Wabeja, asante," nikamwambia. "Basi hakuna aliyepiga mwano wa bure."

Baraza likakubali palepale, na likaweka sheria mpya ambayo itabaki hapa hata mimi nikifa: mtu akisikia mwano unamjia ndani ya kibanda cha video, atoke kwanza nje aangalie jua, na kama bado anautaka, ndipo apige. Wazee waliitunga wenyewe lakini kila mtu anajua imetoka kwangu. Masunga naye alifurahi, kibanda chake sasa kinajaa mpaka watu wa kutoka Lamadi wanakuja kuiona picha iliyomtoa mtemi mwano. Mahali pangu ni benchi la mbele, bure, na wanaponiona wageni wanaambiwa ndiye huyu.

Nilimfungua Bwana Shamba kwa mkono wangu, nikampitisha katikati ya waliokuwa wameleta kuni. Sikuharakisha.

Asubuhi yake nimetoka kufunga plau, nikamkuta Jilala yuko shambani kwangu na jozi mbili za ng'ombe wake. Akasema nimechelewa mvua kwa sababu yake, atanisaidia. Nikamkubalia, ila nilimwambia matuta ya huku kwa baba yangu yananyooka, asije akanilimia kama anayekimbizwa na wembe. Na yule mtu, usikie ajabu, alicheka. Meno yake ni mazuri tu, sijui alikuwa anayaficha ya nini.

Basi tumelima lote, mpaka kule kwenye kichuguu ambako wewe ulisema haitawezekana. Tumepanda. Pamba imeota, mistari imenyooka mpaka ukisimama mwanzo unaona mwisho. Kwa hiyo ulichokisema ukikamua nimekitimiza, na sasa ni zamu yako kufunga mizigo. Njoo kabla ya palizi. Ukiogopa safari, mlete dada yako akusindikize, lakini asikae sana.

Nisalimie mwanangu Kabula na tumbo lake, na mume wake, mwambie bado namdai heshima. Nisalimie mdogo wangu anayechunga upande wa mtoni, mwambie huku hakuna anayenicheka. Msalimie mama mkwe wangu kwa adabu zote, mweleze tu kwamba nimeshinda kesi, habari ya televisheni mwachie mbali, atauliza sana. Na wewe katekista, asante kwa sauti yako. Kama umeruka mahali nitajua.

Ni mimi mumeo, ambaye dume lake halikuliwa,

Maduhu